Taya la Mbuke, Nyonga ya Mbuke

Katika baridi ya Juni, ukungu unaposhuka kutoka mlima Loleza na kulala juu ya mabati ya Mwanjelwa, hapa Mbeya, mwenye nyumba hutafuta moto, na asiye na moto hutafuta kahawa. Sisi tuna benchi. Limeegemea ukuta wa Andendekisye, fundi cherehani tunayemwita Mkasi, kwa kuwa hukata kitambaa cha mtu na habari za mtu kwa kasi ileile. Mwenye birika na kashata ni Didas, mtu wa Iringa, Mkatoliki asiyepuliza makaa kabla hajasali. Upande unaopata jua hukaa Kalinga, Mhehe anayefanya kazi kwenye reli mpya. Jina lake la benchi ni Stesheni, kwani hadithi yake husimama kila mahali kabla ya kufika. Mimi hukaa pembeni. Huniita Mzee Kisomo, kwa sababu nilijua kusoma nikiwa tayari na mvi, na tangu hapo kila karatasi iliyofungia kashata huletwa kwangu kwanza. Asubuhi ninayoieleza ni ya mwaka wa sabini na saba. Aliyekuja wa mwisho alikuwa Masunga, Msukuma, dalali wa ng'ombe kutoka bonde la Usangu, ambaye minadani huitwa Pembe. Kwa kawaida sauti yake hutangulia mwili wake. Siku hiyo alikuja kimya, akakaa, akaomba kahawa, wala asiinywe. Ng'ambo ya barabara lori la kwao lilikuwa likipakia chumvi na sabuni.

— Pembe, ng'ombe wamekufa? — Mkasi alimuuliza.

— Ng'ombe wazima.

— Basi kafa nani?

— Hajafa mtu. Mama yangu jana kang'olewa jino.

— Jino! Dalali mzima unalizwa na jino la mwenzio? Na pembe zote ulizokata?

— Jino limetoka salama — alisema Masunga. — Tabu ni kilichobaki.

— Kimebaki nini?

— Mifupa.

Stesheni alisogea karibu. Kwenye benchi letu, neno likitajwa bila maelezo, watu husogea kama kuku walioona kiganja kikifumbuka.

Masunga alieleza, nami naeleza baada yake kwa mpangilio ambao yeye hakuwa nao. Mama yake, Mbuke, alikuwa na jino lililovunjikia ndani ya ufizi. Daktari wa meno, kijana aliyerudi masomoni siku za karibuni, alimpiga kwanza eksirei ya taya ili aone mzizi wa jino ulivyolala. Jino likatoka. Kisha, badala ya kuwaaga, aliiinua ile picha dirishani akaitazama tena. Hakutazama mahali pa jino, bali chini yake, kwenye ukingo wa taya. Akamwita Masunga. Alimwambia kwamba kwa mtu mwenye mifupa imara ukingo ule huonekana mweupe na mnene kama mdomo wa chungu. Wa mama huyu umekuwa mwembamba kama ganda la yai, tena umeliwaliwa. Taya la mwanamke mwenye umri huo likiwa hivyo, huenda nyonga na uti wa mgongo navyo vimepungua. Ni dalili, alisema, si hukumu. Alitaka mama abaki mjini mpaka Jumatatu, apigwe picha ya nyonga na ya mgongo, ijulikane. Na kuanzia saa ile asibebe mzigo. Mifupa ya namna hiyo haiumi wala haionyi. Siku ya kuanguka ndiyo siku ya kujua.

— Na lori? — aliuliza Didas.

— Likijaa linaondoka. Jingine mpaka wiki ijayo. Na nyumbani mpunga umelala uwanjani. Kwetu hauingii ghalani kabla mama hajapepeta ungo wa kwanza. Ndiyo desturi yake tangu tulipohamia bondeni.

— Yeye mwenyewe anasemaje?

Masunga aliitazama kahawa yake kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

— Mwenyewe hajui. Daktari anasema Kiswahili, mama anasikia Kisukuma. Katikati niko mimi.

— Ukamwambiaje?

— Nikamwambia, daktari anasema jino limetoka salama.

— Maneno yote yale?

— Kisukuma kifupi, bwana.

Mkasi alicheka mpaka sindano alizokuwa amezibana midomoni zikamdondoka. Alipokwisha kuziokota, akaivaa ile hali yake ya hakimu.

— Ndugu zangu, tuanze na uongo wenyewe. Jino liko wapi? Mdomoni. Nyonga iko wapi? Huku chini! Katikati kuna shingo, kuna kifua, kuna tumbo, kuna kanga imefungwa fundo. Mtu akichungulia dirisha la duka langu, ataniambia uani kumepikwa nini?

— Kwako hakupikwi — alisema Didas. — Kwa hiyo ataweza.

— Nyamaza, chemsha maji. Nasema hivi: mfupa uliomshinda fisi, daktari wa meno ataumudu? Wa meno abaki na meno yake. Mimi hapa nikishona suruali, nitakuambia kofia yako imetoboka?

— Ninyi hamjakaa na reli — Stesheni alidakia. — Reli imeungwa kutoka Dar mpaka Zambia. Ukiigonga hapa Mbeya, fundi mwenye sikio zuri aliyeko Makambako anainuka na kusema, ‘Kuna mtu kagonga.’

— Acha fiksi, Stesheni!

— Haki ya Mungu! Na mwili ni hivyohivyo. Taya limeungwa na shingo, shingo na mgongo, mgongo na nyonga. Ile eksirei ikiingia mdomoni inakata tiketi, inashuka zake taratibu.

— Daraja la ngapi?

— La tatu. Wagonjwa wote la tatu.

— Na ikifika tumboni inasimama?

— Kama kuna mzigo wa kupakua, inasimama.

Hata Masunga alitaka kutabasamu. Didas, aliyekuwa akisuuza vikombe, akamuuliza bila kuinua kichwa:

— Lakini wewe, Pembe, mnadani unaanza na nini? Si unafungua mdomo wa ng'ombe? Hujapapasa nundu, hujashika mkia, ushasema, ‘Huyu kikongwe, huyu hafiki masika.’

— Kwenye meno nasoma umri. Nyonga sisomi. Nyonga naipapasa kwa mkono — alijibu Masunga. — Na ng'ombe hakunizaa.

Hapo kila mtu aliinamia kikombe chake. Lakini Mkasi huuogopa ukimya kama wengine wanavyoogopa nyoka.

— Nimepata! Mifupa ilikuwa mizima. Mashine ndiyo imeifyonza. Kitambaa cheusi ukikianika juani mwezi mzima, kinakuwaje? Kinapauka. Sasa ile taa ya eksirei ni jua la mwezi mzima limesindiliwa ndani ya kiboksi. Wamemulika mfupa, mfupa umepauka, halafu wanakuambia, ‘Ona, umepauka!’

— Basi tuwaombe waumulike mlima Loleza — alisema Stesheni —, upungue, tupate jua mapema.

— Wewe cheka. Kesho utaona wanapiga picha mataya ya mabinti kabla ya mahari. ‘Huyu taya jembamba, mpunguzieni ng'ombe wawili.’ Pembe, ninyi Wasukuma mtakoma! Na huko vijijini mwenyekiti atasimama na picha za mataya, atoe amri: taya nene, shamba la ujamaa, taya jembamba, kulinda watoto. Siku hiyo mtaona watu wazima wanavyobana mashavu yawe membamba!

— Wewe hubani, lako limekonda kwa maneno — alisema Didas.

Stesheni alinigeukia.

— Mzee Kisomo, wewe unayesoma. Mfupa unakwendaje mpaka uwe ganda la yai? Tuambie.

Niliwaambia kile kidogo nilichokuwa nacho. Katika kitabu cha afya cha darasa letu la watu wazima palikuwa na maneno kwamba mfupa si jiwe. Ni kama nyumba ya udongo, ambayo kila mwaka mvua huibomoa kidogo na mwenye nyumba huikandika tena. Ujanani mkandikaji huishinda mvua. Uzeeni, hasa kwa wanawake waliokwisha kuacha kuzaa, mvua humshinda mkandikaji.

— Halafu?

— Halafu ukurasa uliofuata ulikuwa umechanwa.

— Nani kachana?

— Siwezi kumshtaki mtu. Lakini mwaka ule kashata zilikuwa zikifungwa vizuri sana.

Didas alikohoa, akageuza maneno upesi.

— Sisi Iringa, bibi zetu walisema kila mtoto akizaliwa huondoka na jino moja la mama yake na kipande cha mfupa. Pembe, mlizaliwa wangapi?

— Wengi. Mimi kitindamimba.

— Basi hesabu imekamilika — alisema Stesheni. — Nyonga ya mama haikupotea. Iko hapa kwenye benchi, inakunywa kahawa.

Wote walicheka isipokuwa yule aliyekishika kikombe bila kunywa. Masunga alikiweka kikombe chini.

— Amekuwa mfupi — alisema.

— Nani?

— Mama. Daktari aliniuliza, ‘Mama amepungua urefu?’ Nikasema hapana. Usiku nikakumbuka. Kuna kibuyu cha maziwa tunakitundika kwenye boriti. Zamani alikuwa anakitungua mwenyewe. Siku hizi anamwita mke wangu, ‘Nitungulie,’ nami nilidhani anamfundisha kazi.

— Mwaka jana si alikuja hapa mkono umefungwa mbao? — aliuliza Didas kwa sauti ya chini.

— Aliteleza kwenye jaruba la mpunga. Kila mtu anateleza.

— Kila mtu anateleza. Lakini kila mtu anavunjika?

Masunga aligeuza uso kulitazama lori.

— Jamani msimtishe mwenzenu — alisema Mkasi. — Pembe, sikiliza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu wa nyumba ni nani? Wewe. Sasa wewe hujasema kitu, yeye hajasikia kitu, guu litavunjikaje? Methali yenyewe inakulinda!

— Hiyo methali umeivaa kinyumenyume kama shati la mlevi — Didas alimwambia.

— Nimeishona mwenyewe, nitaivaa nitakavyo.

— Mimi nasema apande lori, akae mbele na dereva, awekewe mto — alisema Stesheni. — Akifika nyumbani mnaficha ungo. Mnaficha kinu, mnaficha ndoo. Hakuna kitu cha kubeba, hakuna mzigo, daktari ameridhika, mpunga umeingia ghalani. Kwisha.

Masunga alitikisa kichwa.

— Hamumjui mama yangu. Tulipohama kutoka Usukuma, ng'ombe mbele, sisi nyuma, ni yeye aliyebeba moto ndani ya chungu usizimike njiani. Asubuhi akiamka asiuone ungo wake, hatafikiri habari ya mfupa. Atafikiri tumempa mke wangu uongozi wa mji, yeye tumemweka kando. Na nikimwambia ni ganda la yai, atakaa kama yai. Atakaa penye jua, atanyamaza. Nimeona wazee walivyonyamaza. Hawavunjiki, lakini hawapo.

Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba mtu huyu, aliyekuwa akiuza madume bila kupepesa macho, alikuwa na hofu mbili zilizomshika kila mkono, na kwamba alikuja kwetu ili tumsaidie kujinasua na moja. Tulimsaidia kama benchi linavyosaidia.

— Basi jibu unalo — alisema Mkasi. — Daktari ameona jino, akatunga hadithi. Vijana wakitoka masomoni huwa hivyo. Mtu amefundishwa nyundo, kila kitu msumari. Mama aende akapepete mpunga wake.

— Jumatatu ni mbali — alisema Stesheni. — Na kama mifupa ni reli, haitengenezwi kwa picha. Inatengenezwa kwa maziwa. Maziwa yako nyumbani. Aende.

— Maziwa hanywi — Masunga alisema. — Anawapa wajukuu. Lakini nitamlazimisha.

— Unaona? Mambo madogo.

Didas alimimina kahawa iliyobaki, akagawa sawasawa.

— Mficha maradhi, kifo humuumbua — alisema.

Ilikuwa methali pekee iliyovaliwa sawasawa asubuhi ile, na kila mtu alichukizwa nayo.

— Wewe nani kakwambia habari za vifo hapa? — Mkasi alifoka. — Mama kang'oa jino! Anatembea! Tuulizane kama watu wazima. Nani hapa anaamini kwamba yule mama, mzima vile, mifupa yake ni ganda la yai? Ainue mkono.

Hakuna aliyeinua. Didas alikuwa ameshika birika, na mimi nilikuwa nimeishika fimbo yangu kwa mikono yote miwili, jambo ambalo lilinifaa. Lori lilipiga honi ya kwanza. Utingo alikuwa akivuta turubai juu ya mizigo. Masunga alisimama, akajipangusa suruali.

— Basi namfuata nyumba ya wageni. Anaondoka.

— Msalimie mpunga — alisema Stesheni.

Masunga hakuwa amepiga hatua. Kati ya vibanda vya nyanya alitokea mwanamke mzee, mwembamba, amefunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, shavu moja limevimba. Kichwani alikuwa na kiroba cha viazi vya Uporoto, vile ambavyo bondeni kwao havikubali kuota. Hakukishika. Mikono yake ilikuwa ikining'inia pembeni, imestarehe, na shingo imenyooka kama ya mtu asiyebeba kitu. Ili kutufikia ilimbidi avuke mtaro, na juu ya mtaro palikuwa na ubao mmoja, umelowa ukungu. Aliweka mguu wake mtupu juu ya ubao.

Sitaweza kusema nani alitangulia. Najua kwamba Mkasi aliruka na futi yake ya kitambaa ikipepea shingoni, akapiga teke kikombe cha Stesheni. Stesheni mwenyewe alikuwa amekwisha kufika mtaroni, amesimama ndani ya maji machafu na viatu vyake vya reli, amenyoosha mikono miwili kama mtu anayengoja embe kutoka juu. Didas aliliacha birika juu ya moto. Masunga aliita, ‘Mayu!’, yaani mama, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia mnadani. Nami niligundua kwamba nimesimama, na fimbo yangu iko chini.

Mbuke alimaliza kuvuka. Hakuteleza. Stesheni alimshika kiwiko cha kushoto, Masunga cha kulia, na Mkasi akakipokea kiroba, akayumba nacho, hata ikabidi Didas amsaidie; wanaume wawili kwa mzigo uliokuja na shingo moja.

— Mwangaluka, mayu — tulimwamkia, kila mtu kwa Kisukuma chake kibovu.

— Mwangaluka — aliitika.

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Aliyatazama maji yaliyojaa viatu vya Stesheni. Alimtazama Mkasi, aliyekuwa amekikumbatia kiroba kifuani kama mtoto mchanga. Kisha akasema na mwanawe, maneno ya kutosha, akituonyesha kwa kidevu kilichofungwa.

— Anasemaje? — aliuliza Didas.

— Anasema... anashukuru.

Mbuke alimpiga kofi dogo begani. Kiswahili chake kilitosha kulijua neno la shukrani, na kujua kwamba yeye hakulisema. Akarudia maneno yake, safari hii polepole, na hakuyaondoa macho yake usoni pa Masunga mpaka alipomaliza.

Masunga alitutafsiria.

— Anauliza hivi. Jana alipita hapahapa, ana gunia kubwa kuliko hilo, mkamwamkia mmekaa. Mbona leo mmesimama wote?

Niliwatazama wenzangu. Mkasi, ambaye hana swali lisilo na jibu wala jibu lisilo na methali, aliinamisha uso juu ya viazi. Stesheni aliyaangalia maji. Didas alilirudia birika lake, akaliinamisha juu ya kikombe ili angalau mama apewe kitu. Likatoa mashapo tu. Mbuke alingoja. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kupokea maneno yakiwa yamepita kwanza kinywani mwa mwingine, na alikuwa anajua kabisa kwamba haya hayajafika.

Lori lilipiga honi tena.

— Pembe! — utingo aliita kutoka juu ya turubai. — Twende, bwana, jua linatuacha!

— Niambieni — Masunga alitugeukia, karibu kwa kunong'ona. — Nimjibu nini?



Masunga alimtazama utingo, akamtazama mama yake, aliyekuwa bado amesimama katikati ya wanaume waliomzunguka kama uzio.

— Nendeni! — aliita. — Mwambie mke wangu mpunga ungoje. Tunakuja wiki ijayo. Waambie hauingii ghalani bila mwenyewe.

Kisha alimshika mama yake mkono, akamketisha kwenye benchi, upande ule unaopata jua. Akachuchumaa mbele yake. Aligusa kwa kidole ukingo wa taya lake mwenyewe, halafu, taratibu, ukingo wa taya la mama yake, chini ya kitambaa, akaanza kusema. Hatukuelewa maneno, lakini tulimwona Mbuke akisikiliza bila kukatiza. Na mwanawe alipofika mahali fulani katika maelezo yake, yule mama alishusha mkono akajipapasa nyonga juu ya kanga, kama mtu anayepapasa fundo kuhakikisha kwamba alichofunga bado kimo. Akauliza kitu kifupi. Mwanawe akajibu. Akauliza tena.

Lori lilikwisha kuondoka. Benchi lilikuwa na nafasi ya kutosha, lakini hakuna kati yetu aliyekaa.